Ufa Mgongoni mwa Kisu

Nina visu vya kukunja zaidi ya thelathini ndani ya debe la biskuti, na kila anayeliona debe hilo huniuliza namtafuta nani. Mwanamke wa umri wangu, Mkristo wa Moraviani, mstaafu wa serikali, ana kazi gani na visu vyote hivyo? Mwanamume angekuwa na debe kama hili angesifiwa kwa kutunza mambo ya kale. Mimi wamenipa jina ambalo sitaliandika hapa, maana waliolitunga ni majirani zangu na sitaki kuwafurahisha.

Mwanzoni nilivipenda tu. Hasira ilikuja baadaye, ikakaa.

Nilianza kuvikusanya miaka ya mwanzo ya uhuru, nilipopata kazi ya kupiga taipu katika ofisi moja ya serikali hapa Tabora. Wenzangu wakipata mshahara walikwenda kutazama viatu. Mimi nilikwenda sokoni, upande wa wauza vyuma vikuukuu, nikachakura. Visu nilivyovitaka havikutoka kiwandani. Vilifuliwa na wahunzi wa vijiji vilivyokuwa kando ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita kwetu kwenda Ujiji. Babu zetu walikuwa wapagazi wa njia ile. Walibeba mizigo ya watu kwa mabega yao miezi kwa miezi, na inasemekana mmoja wao alirudi nyumbani na kisu cha kizungu kinachojikunja. Wahunzi wakakitazama, wakakigeuza, wakakiiga. Wana wao wakaiga walichoiga baba zao.

Kila kimoja kilikuwa na uso wake. Kuna kimoja ambacho bapa lake lilikuwa tupa. Ukilielekeza kwenye jua unaona meno ya tupa yamelala ndani ya chuma, hayakufutika. Kuna cha mpini wa pembe ya ng'ombe ambacho msumari wake ni shaba ya waya wa simu, na sikuuliza waya ulikatwa wapi. Kingine mhunzi alichora hata alama ya kiwanda cha kizungu kwenye bapa, herufi zote zimegeuka, kwa kuwa hakujua kusoma ila alijua kwamba kisu lazima kiwe na maandishi. Nilivipanga kitandani Jumapili baada ya ibada, nikavipaka mafuta ya taa, nikaridhika.

Vyote vilikuwa na ufa mwembamba mgongoni mwa mpini. Ufa ulionyooka, uliochongwa kwa uangalifu, ambao haukuwa na kazi yoyote. Niliwauliza wazee kadhaa. Mmoja alisema ni wa kuwekea nta. Mwingine alisema ni wa ugoro. Wa tatu alinitazama kwa huruma akasema ufa ule ni wa chuma kupumulia. Niliyaandika majibu yote kwenye daftari, nami nikayaamini yote, mjinga mimi.

Na vyote vilikuwa na ila moja. Bapa likishafunguliwa halikushikwa na kitu. Lilisimama kwa kubanwa na msumari peke yake, na msumari ukilegea, kisu kinajikunja wakati wowote, juu ya vidole vya aliyekishika. Baba yangu alikuwa mrina asali Usinge. Alipanda miti ya miombo kwa kamba ya magome, mkono mmoja umeshika tawi na mwingine unakata masega ndani ya mzinga. Nilipokuwa darasa la nne kisu kilimjikunjia huko juu, kikamkata mshipa wa kidole cha shahada. Kidole kikapona kimepinda, hakikunyooka tena. Yeye alifanya mzaha kwamba sasa akimwelekeza mgeni njia, mgeni anafika nyumbani kwake mwenyewe. Watu walicheka. Mama alicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Niliuliza kwa nini kisu hakitengenezwi kisijikunje, nikajibiwa na kila mtu kwa neno moja: ndivyo visu vilivyo.

Jibu hilo nimelisikia katika mambo mengi maishani, na sijawahi kulisikia bila kutamani kumzaba mtu kibao.

Siku moja nilipita duka la Mhindi mmoja wa Gongoni, Mwislamu, mtu mpole aliyezaliwa papa hapa Tabora na kuzungumza Kiswahili kizuri kuliko afisa wangu. Aliuza vitambaa, taa na vikorokoro. Alijua ugonjwa wangu.

"Binti, njoo uone," akaniambia. "Nimeletewa kisu cha kizungu kimevunjika. Sitakiuza hiki. Chukua, ongeza kwenye maradhi yako."

Akakifungua mbele yangu. Mgongoni mwa mpini kulikuwa na kipande chembamba cha chuma, springi, kimekatika katikati. Springi ile ndiyo inayolibana bapa lisiyumbe. Akaisukuma kwa msumari, vipande viwili vikaanguka juu ya kaunta. Akanipa kisu. Kilichokuwa mkononi mwangu, bila springi, kilikuwa kisu chetu. Ufa uleule, urefu uleule, mgongoni palepale.

Nilicheka kwanza, nikacheka mpaka mwenye duka akaniletea maji. Halafu nilipokuwa nakunywa yale maji nikaelewa, na kicheko kikakata. Kisu cha kwanza kilichofika kwetu kilikuwa kibovu. Bila shaka kilikuwa kibovu! Nani angempa mpagazi kisu kizima? Alitembea kutoka pwani na mzigo begani, akazawadiwa takataka, akaileta nyumbani kwa furaha, nasi tukaiga takataka ile kwa uaminifu mkubwa. Vizazi vitatu tunachonga nafasi ya kitu tusichokijua, tunaisifu, tunaitungia maana ya nta na ugoro, na vidole vinakatika.

Kuanzia siku hiyo kukusanya peke yake hakukunitosha. Nilitaka miundo mipya. Nilichora nyuma ya barua zilizoharibika ofisini. Nilichora kisu chenye ncha ya ndoana kwa ajili ya kuvutia masega. Nilichora kifupi cha kukatia majani ya tumbaku, na cha mpini mwembamba unaoingia katika kiganja cha mwanamke, maana hakuna aliyewahi kufikiri kwamba nasi tunakata vitu. Lakini cha kwanza kabisa nilikichora kisu cha baba: springi ndani ya ufa, na mwisho wa springi ulimi mdogo unaoingia katika pengo la bapa na kulifunga. Kukifungua au kukikunja, unabonyeza ulimi kwa dole gumba huku vidole viwili vinavuta bapa. Kigumu. Nikaona ugumu huo ndio uzima wake.

Nikapanda treni kwenda Usinge na michoro yangu kwenye mkoba. Mhunzi wa kule alikuwa rika la baba, mtu mfupi mwenye kifua kipana na maneno machache. Na hapo nikakutana na ukuta. Mwanamke hakaribii moto wa mhunzi. Akikaribia, chuma hakishikani. Ndivyo walivyoamini wao, na baba yangu, Mkristo wa kuimba kwaya, aliamini hivyohivyo. Basi mimi niliyechora kisu nikasimamishwa nyuma ya ua wa minyaa, hatua kama thelathini kutoka kwenye mivukuto, na baba akaingia na karatasi yangu kuisoma kwa mdomo wake, yeye ambaye hakujua juu ya mchoro ni wapi na chini ni wapi.

"Mwangaluka!" nikaamkia kwa sauti kutoka uani.

"Mwangaluka," mhunzi akaitikia bila kuinua macho. Kisha akamwambia baba, "Binti yako anataka nini?"

"Anataka uzibe ufa."

"Siyo kuziba!" nikapiga kelele. "Kuweka springi!"

"Babu yangu aliuweka ufa," mhunzi akasema. "Baba yangu aliuweka ufa. Yeye ni nani?"

"Mwulize ufa ni wa nini!"

"Wa nta."

"Anasema wa nta," baba akanipasia.

"Nimesikia, baba!"

Tulishinda pale mpaka jua la utosi, mimi nikikauka koo kwa kelele, baba akigeuka huku na huku kama mwamuzi wa mpira. Kisu cha kwanza mhunzi alichofua springi ilikuwa upande wa makali, kwa sababu baba alishika karatasi juu chini. Cha pili springi ilikatika siku ileile. Kila mara nililazimika kurudi Tabora kazini na kuja tena baada ya wiki kadhaa, kwa sababu tu ya hatua thelathini ambazo sikuruhusiwa kuzivuka. Ningeruhusiwa kusimama karibu, kazi ile ingekwisha asubuhi moja. Nilimwambia baba hivyo, tena kwa ukali ambao binti hamwambii baba yake. Akanijibu, "Mama, chuma ni cha kwake, moto ni wa kwake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Mara ya tatu mhunzi alipata kipande cha springi ya lori bovu lililoachwa stesheni. Akakifua kikawa chembamba. Mwezi Juni ulikuwa unaelekea ukingoni, nami nikaitwa. Safari hii mhunzi alitoka mwenyewe mpaka kwenye minyaa. Kisu hakipokezwi mkononi kwetu, huleta ugomvi. Akakiweka chini, akarudi nyuma hatua mbili, akajifanya anatazama mawingu. Nikakiokota. Nikabonyeza ulimi, nikavuta. Kikafunguka kwa mlio, ulimi ukalifunga bapa, nikakigonga juu ya jiwe mara tatu na bapa halikutikisika. Mpini wa mninga, umesuguliwa ukang'aa. Nilimtazama mhunzi nikaona anajitahidi asitabasamu, akashindwa.

Sijawahi kupenda kitu kama nilivyokipenda kisu kile dakika ile, na upendo huo ndio ulioniharibia.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani baba akasema, "Mama, niachie hicho. Msimu wa kurina ndio huu."

Sasa hapa inabidi nieleze. Ilikuwa miaka ile baada ya Azimio, na uhamiaji vijijini ulikuwa umeanza kuzungumzwa katika kata zetu. Sikuwa mpinzani wa ujamaa. Hotuba zake nilizipiga taipu kwa vidole vyangu, na mengi niliyaamini na bado nayaamini. Afisa wangu alikuwa ameniambia kwamba maonyesho ya Saba Saba mjini yatakuwa na meza ya viwanda vidogo. Nikipeleka kisu kile nacho kikapendeza, mhunzi atapewa chuma na zana na ataachwa palipo na moto wake. Visu vitatengenezwa kwa mamia kwa ajili ya warina asali wa mkoa mzima. "Lakini kije kipya, ndugu," alisema. "Kisiwe na hata alama."

"Baba, hiki kinakwenda Saba Saba," nikamjibu.

"Nitakitumia siku mbili tatu. Utakipitia."

"Kitakwaruzika."

Nilisema neno hilo. Nililisema kwa mdomo huu, mbele ya kidole kilichopinda, kwa baba niliyekichora kisu kwa ajili yake. Hakubishana. Alisema, "Haya mama, peleka," akabeba mkoba wangu mpaka stesheni.

Nilimkabidhi afisa kisu ndani ya kitambaa cheupe. Siku ya Saba Saba nilivaa gauni la kanisani, nikazunguka meza zote. Kulikuwa na maboga, majembe, vikapu, asali ndani ya chupa. Kisu hakikuwepo. Nikamwendea afisa alipokuwa anasubiri zamu ya kuhutubia.

"Ndugu afisa, kisu sijakiona mezani."

"Kinashughulikiwa, ndugu."

Halafu akapanda jukwaani akatuhutubia juu ya umoja, akatukumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Nilipiga makofi pamoja na wenzangu.

Kesho yake baba aliletwa hospitali ya Kitete kwa treni, mkono wa kulia umefungwa kwa khanga ya mama. Kisu chake cha zamani kilikuwa kimejikunja tena akiwa juu ya mti. Alipokishika kwa nguvu kisimponyoke, ndipo kilipokata kweli: vidole viwili, cha kati na cha pete, na mshipa wa dole gumba. Aliteremka kwa mkono mmoja. Madaktari walifanya walichoweza na ninawashukuru. Vidole viwili vilikatwa. Dole gumba likabaki, lakini limelala tu, halina amri. Nilikaa kando ya kitanda chake, naye akaanza kunitania ili nisilie: eti nyuki wa Usinge wamefanya sherehe leo. Nilitoka nje nikaupiga mlango wa choo teke mpaka mlinzi akaja.

Nilitaka anitukane. Nilitaka aseme, "Ningekuwa na kile kisu." Hakusema siku hiyo wala siku nyingine.

Baada ya wiki chache niliingia ofisini kwa afisa na barua za kutia saini. Alikuwa ameegemea kiti, anamenya chungwa. Ganda lilitoka refu, bila kukatika, maana kisu kilikuwa kikali na bapa halikuyumba. Mpini wa mninga. Alinitazama bila aibu yoyote.

"Kizuri hiki, ndugu. Mhunzi wenu ni fundi kwelikweli. Nakifanyia majaribio."

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, wanasema. Nilizunguka meza, nikakitoa mkononi mwake. Sikungoja akiweke chini. Maji ya chungwa yakaniingia kwenye mikunjo ya vidole. Nilimwambia maneno ambayo mpiga taipu hamwambii mkubwa wake, na nikayasema kwa Kinyamwezi, ambacho hakukijua, kisha nikayarudia kwa Kiswahili ili asije akapata shida ya kutafuta mkalimani. Nilipewa barua ya onyo kali. Niliipiga taipu mwenyewe, nakala tatu, kwa sababu ofisi nzima mpiga taipu nilikuwa mimi, na nikamsahihishia makosa.

Mhunzi hakupewa chuma. Malori yalipokuja, alihamishwa pamoja na wenzake kwenye kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zimepangwa mstari. Aliyepima viwanja alimpa kiwanja kilichopakana na bomba la maji, ambako wanawake wa kijiji kizima walipanga foleni na ndoo tangu asubuhi. Nilimkuta pale anapalilia mahindi. Kwa mara ya kwanza nilisimama naye ana kwa ana, hapakuwa na minyaa wala hatua thelathini, na mchoro nilikuwa nao mkononi, ningeweza kumwonyesha kila mstari kwa kidole changu.

"Nifulie kingine, mzee wangu. Na kingine. Vifue vingi."

"Hapa moto hauwashwi," akasema, akawatupia macho wanawake na ndoo zao. Hakuwa amekasirika. Alirudi kupalilia kwa jembe la dukani. Nilimkasirikia yeye, nikalikasirikia bomba, nikamkasirikia aliyepima viwanja, ambaye labda alidhani amempa mzee zawadi ya maji karibu. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walikuwa wananicheka kwa kuwa nilikuwa nimesimama shambani na viatu vya ofisini. Nao nikawakasirikia.

Basi kisu kilibaki kimoja tu, nami nikampelekea baba. Nilikiosha maji ya chungwa, nikakipaka mafuta, nikakiweka juu ya mkeka mbele yake kama desturi inavyotaka. Jeraha lilikuwa limefunga. Alikitwaa kwa mkono wa kushoto, akakipindua, akausifu mpini. Halafu akakihamishia kulia. Dole gumba likalala juu ya ulimi, lisiubonyeze. Kidole kilichopinda na kile kidogo vikaparaza bapa, visilishike. Akajaribu kwa kushoto akiwa amekibana kwa magoti, kikaponyoka. Akajaribu kwa meno. Ugumu ule ulikuwa umetoka kwenye karatasi yangu. Nilikuwa nimetengeneza kisu kinachovilinda vidole vya mtu mwenye vidole vyote.

"Fungua wewe, mama," akasema.

Nikafungua. Mama alikuwa ameleta nyama. Nikamkatia vipande vidogo, nikavipanga upande wa mkono wake mzima. Tangu siku ile mpaka alipofariki, kila nilipokwenda Usinge nilimkatia baba nyama kwa kisu kile, na kila mara, kabla ya kula, aliniambia asante. Miaka yote hiyo nilingoja aseme neno lingine, na yeye akasema asante.